Chapa Chini ya Marumaru: Kisa cha Kununua Komodi ya Zama za Louis XVI

Kisa hiki kinamhusu mteja wangu mmoja. Jina lake, mji wa mnada na nambari za bidhaa nimeviondoa. Bei nimeziacha zilivyo, kwa sababu bila bei mtu hajifunzi kununua.

Usuli

Kazi yangu ni kukarabati fanicha za kale kwenye viunga vya Paris. Useremala nilianzia nyumbani pwani, kwa randa na msumeno wa mkono, na huku nikajifunza yaliyobaki. Wateja wangu wengi ni Wafaransa. Mara mojamoja anakuja mtu wa kwetu, na hapo maongezi hubadilika.

Mteja wa kisa hiki nitamwita Mama, kama ninavyomwita ana kwa ana. Amevuka miaka sitini, na Ufaransa ameishi zaidi ya thelathini. Miaka yake ya kwanza alifanya usafi katika nyumba ya familia moja ya kale, na sebuleni kulikuwa na komodi, yaani kabati fupi la droo lenye jiwe la marumaru juu. Kila Ijumaa alizitoa droo zote, akazifuta ndani na nje, kisha akazirudisha. Alifanya hivyo miaka sita. Alipostaafu, akanijia: anataka ya kwake, ya zama hasa za mfalme Louis XVI, mwishoni mwa karne ya 18, si nakala. Akiba aliyoitenga ilikuwa yuro 5,000, na ndani yake kila kitu: bei, ada ya mnada, usafiri na ukarabati.

Kwa fedha hiyo nilimwambia inawezekana. Fanicha za karne ya 18 zisizo na jina kubwa zimeshuka bei sana ukilinganisha na miaka ya 1990, kwa sababu vijana hawazitaki tena majumbani. Anayeipenda leo ananunua kwa bei ambayo zamani isingewezekana.

Komodi mbili katika orodha moja

Wiki chache baadaye alinitumia picha kutoka kwenye orodha ya mnada wa mkoani. "Mwanangu, nimeipata. Ina chapa ya fundi." Chapa ni jina la fundi lililogongwa kwenye mbao.

Nilipoifungua orodha nikaona komodi mbili, na yeye alikuwa ameitazama moja tu. Ya kwanza, nitaiita A, ilikuwa imevikwa tabaka la mbao za rangi mbili, na mapambo ya shaba nyeusi iliyochovywa dhahabu. Ilikadiriwa kati ya yuro 4,000 na 6,000. Ya pili, B, ilikuwa ya mahogani tupu, vishikio vya pete, jiwe la kijivu, haina chapa. Ilikadiriwa kati ya 1,200 na 1,800.

Kwa umbo zote mbili zilikuwa za mtindo mmoja, wa Louis XVI. Kabla yake, wakati wa Louis XV, kila kitu kilipinda: miguu, mbele, ubavu. Baada ya uchimbaji wa Herculaneum ulioanza mwaka 1738 na ule wa Pompeii ulioanza 1748, miji ya Kirumi iliyofukiwa na volkano, mafundi na matajiri wa Paris wakageukia mistari ya Kirumi na Kigiriki. Kulikuwa na kipindi cha mpito, mwili umeshanyooka huku miguu bado imepinda. Kisha, kuanzia miaka ya 1770, mguu ukanyooka kabisa: mviringo, mwembamba kwenda chini, wenye mifereji kama nguzo ya hekalu, na pale unapokutana na mwili kuna kipande cha mraba, mara nyingi chenye ua la duara.

Lakini umbo haliwezi kukuambia umri. Wakati wa Napoleon III, katikati ya karne ya 19, mkewe, Eugénie, alimpenda mno Marie-Antoinette, mke wa Louis XVI, na karakana za Paris zikatengeneza fanicha za umbo hilohilo kwa wingi. Nyingine ni kazi bora sana na zina bei yake. Lakini si za karne ya 18.

Maneno tuliyoyasoma kabla ya kusafiri

Hapa ndipo nilipomwomba Mama akae chini tusome pamoja, neno kwa neno. Ufaransa ina amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981 inayolinda mnunuzi wa kazi za sanaa na vitu vya kale. Orodha ikiandika jina la kitu na mara moja kukifuatishia zama zake, kama "commode d'époque Louis XVI", komodi ya zama za Louis XVI, muuzaji anakuhakikishia kwamba kimetengenezwa katika zama hizo. Ikiwa sehemu fulani ni ya baadaye, lazima uambiwe. Ikiandika "de style Louis XVI", ya mtindo wa Louis XVI, hujahakikishiwa chochote kuhusu umri. Ni neno moja tu, na linaweza kubeba maelfu ya yuro.

Orodha ilisemaje kuhusu A? "En partie d'époque Louis XVI", yaani kwa sehemu ni ya zama hizo. Kisha: "porte une estampille", ina chapa. Chapa ya nani, hawakusema. Amri hiyo inasema ukimtaja fundi kwamba chapa yake ipo, bila kuweka shaka wazi, umemhakikishia mnunuzi kwamba fundi huyo ndiye mtengenezaji. Aliyeandika orodha aliliacha jina kwa makusudi. Mama alikuwa ameliona neno "estampille" akafurahi. Mimi niliona jina halipo nikasita.

Kuhusu B iliandikwa: "époque Louis XVI, accidents et restaurations." Ya zama, ina majeraha na marekebisho. Jiwe lilitajwa kwa rangi tu. Hilo nililipita haraka, na nitalirudia chini.

Siku ya maonyesho

Tulifika siku moja kabla ya mnada, na tochi, kioo kidogo cha mkono, rula na glavu. Tulianza na A, kwa sababu moyo wa Mama ulikuwa huko.

Aliivuta droo ya kati, akaitoa nzima, akaiweka sakafuni. Akaitoa ya chini. Halafu, bila mimi kumwambia, akaiingiza ya chini mahali pa ile ya kati. Ikaingia sawasawa, laini, haikugusa popote. Akanitazama.

"Ile ya kule nilikokuwa nikifanya kazi haikukubali," akasema. "Ukikosea droo, inakwama. Nilikuwa naweka alama kwa chaki."

Sijawahi kumfundisha mtu jambo hilo. Droo iliyokatwa kwa mkono hutengenezwa kwa ajili ya nafasi yake, na tofauti ya milimita mbili tatu ni ya kawaida. Droo mbili zinazobadilishana nafasi bila tatizo ni dalili ya mashine. Tukaangalia maungo ya pembeni, yale meno yanayotanuka kama mkia wa njiwa: yote ya upana mmoja, yamepangana kama ya kitana. Droo ya juu peke yake ilikuwa ya kale. Meno yake yalikuwa matatu, hayalingani, na mstari wa kupimia uliochorwa kwa ncha ya chuma ulionekana bado. Lakini kwa ndani ilikuwa na matundu manne yaliyozibwa, na kwa nje hapakuwa na alama yoyote ya matundu hayo. Maana yake uso wake umevikwa tabaka jipya baada ya vishikio vya zamani kuondolewa.

Tabaka lenyewe lilikuwa limemeguka pembeni, tukaweza kulipima kwa jicho: halikufika milimita moja. Katika karne ya 18 tabaka la mbao lilikatwa kwa msumeno wa mkono, na unene wake kwa kawaida hupita milimita moja, haulingani kutoka sehemu hadi sehemu. Karatasi nyembamba ya namna ile ni ya kisu cha mashine. Pambo moja la shaba nililitazama kwa kioo kutoka nyuma. Nyuma kulikuwa laini na kumechovywa dhahabu sawa na mbele. Kazi ya zamani ilifanywa kwa dhahabu iliyochanganywa na zebaki na kuchomwa, na fundi hakupoteza dhahabu mgongoni. Kule utakuta shaba mbichi na alama za patasi. Uchovyaji wa umeme, ulioanza kutumika miaka ya 1840, hufunika kila upande.

Ikabaki chapa. Tulimwomba mfanyakazi wa mnada atusaidie kuinua jiwe, kwa sababu kwenye komodi chapa kwa kawaida hugongwa juu ya nguzo za pembe, chini ya marumaru. Ilikuwepo. Herufi zilikuwa kali, ndani yake safi, mbao iliyobonyea bado ina rangi changa, ilhali mbao inayoizunguka ilikuwa nyeusi kwa umri. Na kipande chenye chapa kilikuwa kimeunganishwa kwa gundi juu ya nguzo ya zamani. Nilimwonyesha Mama mstari wa muungo. Aliupitishia kidole mara mbili.

"Wameiweka," akasema.

Naliandika hili kwa kirefu kwa sababu wanunuzi wengi huanza na chapa, wakati chapa ndiyo rahisi kuliko vyote kughushi. Sharti la mafundi wakuu wa Paris kugonga majina yao lilitoka kwenye kanuni za chama chao za mwaka 1743, na likaanza kufuatwa mwaka 1751. Wakaguzi wa chama waliizungukia karakana na kugonga herufi JME, kifupi cha jina la chama kwa Kifaransa, kwa kazi waliyoiridhia. Chama kilivunjwa mwaka 1791 pamoja na vyama vingine vya mafundi. Mafundi wa mfalme hawakulazimika, wala wengi wa mtaa wa Saint-Antoine, wala wa mikoani. Kwa hiyo komodi halisi isiyo na chapa ni jambo la kawaida kabisa, na chapa peke yake haithibitishi kitu. Mwaka 2016 ilifichuka kwamba hata Kasri la Versailles lilikuwa limenunua viti vya kughushi vilivyodaiwa kuwa vya karne ya 18. Mwaka 2025 mahakama ya Pontoise ikawahukumu mtaalamu mashuhuri wa viti hivyo na fundi aliyevitengeneza. Kama wataalamu wa Versailles walidanganyika, sembuse mimi na Mama na tochi yetu.

Tukahamia B. Nilipoinua upande mmoja, mikono ilinishuka kwa uzito. Mbavu na nyuso za droo zilikuwa mahogani nzima, si tabaka. Ndani, mwaloni. Mama akajaribu kubadilisha droo: ya kati ilikwama nusu njia mahali pa ile ya chini. Akaigeuza droo na kupitisha viganja chini yake, akahisi mawimbi ya randa ya mkono. Mgongoni kulikuwa na alama za msumeno zilizonyooka, za mshazari, zisizolingana. Msumeno wa duara ungeacha mikunjo ya upinde. Kingo za chini za droo zimelika upande mmoja kuliko mwingine, kama soli ya kiatu cha mtu mmoja.

Nikamweleza tulichokuwa tunakitazama. Fanicha za mahogani nzito za aina hii zilitengenezwa katika miji ya bandari, Bordeaux, Nantes, La Rochelle, ambako magogo yalishushwa moja kwa moja. Si mkangazi wa Afrika; huo uliingia Ulaya kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19, na nakala nyingi zimetengenezwa kwa mbao hiyo. Mahogani ya wakati huu ilitoka Kuba na Saint-Domingue, Haiti ya leo.

Aliuliza nani aliikata. Nikamwambia: watumwa. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa pwani, nikaongeza yaliyobaki. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Katika miaka hiyohiyo kuna meli za Kifaransa zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na kuwafikisha watu wa Afrika Mashariki hadi Saint-Domingue kwenyewe. Komodi hii haina hati ya mti wake. Lakini zama zake ni hizo, bandari zake ni hizo.

Mama alikaa kimya kwa muda mrefu, mkono juu ya droo. Kisha akasema tuendelee. Sikumhimiza, na nisingemlaumu kama angeondoka.

Uamuzi na hesabu

A tuliiacha hapohapo. Kwa B tulikaa kwenye mkahawa jirani, tukapiga hesabu kwenye karatasi. Ada ya mnunuzi katika mnada ule ilikuwa asilimia 28 juu ya bei ya nyundo, yaani bei ambayo mnada umefungwa. Kati ya yuro 5,000 tulitenga 300 za usafiri na 1,000 za ukarabati. Zilizobaki, 3,700, zingeruhusu bei ya nyundo ya karibu 2,890. Tuliweka kikomo chini ya hapo, 2,400, kwa sababu neno "restaurations" lilikuwa halijafafanuliwa, na nilitaka kuacha nafasi ya lile tusiloliona.

Nilimshauri atoe bei kwa simu badala ya kukaa ukumbini. Ukumbini macho hukutana, na mtu hupandisha ili asionekane ameshindwa. Alikubali kwa shingo upande.

Mnada

A ilipanda haraka na kugongwa yuro 7,200. Mama alikuwa ameshika simu nyumbani kwake, mimi nimekaa kando. Alinitazama kama mtu anayeuliza kama tumekosea. Nilikuwa na hakika ya nilichokiona chini ya marumaru, na hakika hiyo ninayo hadi leo.

B ilianza 1,000. Watu watatu, halafu wawili. Kwenye 2,000 Mama akasema ndiyo kwa sauti ndogo. Mwenzake akasema 2,050. Mama akasema 2,100, na nyundo ikagongwa. Pamoja na ada, yuro 2,688. Hakukuwa na haja ya kibali cha kuitoa Ufaransa kwa kuwa ilibaki hukohuko, na bei yake iko mbali na kiwango cha fanicha zinazohitaji cheti.

Baada ya kufika

Ililetwa kwenye karakana yangu kwa yuro 280. Nilipoilaza chali ndipo nikaona tulivyokosea.

Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umeungwa katikati: nusu ya chini ni mti mwingine uliotiwa rangi. Mguu uleule ulikuwa na matundu madogo yenye unga mweupe mbichi, bungua walio hai. Na marumaru, nilipoligeuza, upande wa chini ulikuwa umekatwa na msumeno wa mashine, laini kama sahani. Jiwe la karne ya 18 chini yake ni la kuparuzwa kwa patasi, lina mabonde. Hili lilikuwa la karne iliyopita.

Tuliwaandikia watu wa mnada ndani ya mwezi mmoja, kwa barua na picha. Walijibu kwamba mguu umo ndani ya neno "restaurations", na kwamba kuhusu jiwe hawakuandika kuwa ni la asili. Jibu la kwanza nalikubali. La pili silikubali: wametaja jiwe kama sehemu ya komodi ya zama, na amri ya 1981 inataka mnunuzi aambiwe sehemu ya baadaye. Nilimshauri Mama aendelee. Akakataa. Jiwe la kale la ukubwa ule lingeweza kupatikana kwa mia chache za yuro, na wakili angekula zaidi ya hapo. "Sikununua jiwe," akasema.

Ukarabati ulinichukua wiki mbili: dawa ya bungua na kuitenga komodi isiambukize nyingine, mguu kuungwa upya kwa mahogani ya zamani niliyokuwa nayo, na kingo za droo kuongezewa vipande vya mwaloni. Mng'aro sikuugusa, nilipaka nta tu. Nilimtoza yuro 640. Jumla yote ikawa 3,608.

Uchambuzi

Kilichotuokoa, kwa maoni yangu, ni mpangilio wa kutazama. Tulisoma maneno kwanza, halafu droo, mgongo, shaba, na chapa mwisho kabisa. Kama tungeanza na chapa, kila dalili iliyofuata tungeitafutia udhuru. Nimeona mafundi wazuri wakifanya hivyo.

Mikono ya Mama nayo lazima niiweke kwenye hesabu. Jaribio la kubadilisha droo si langu, ni la mtu aliyeifuta komodi moja Ijumaa baada ya Ijumaa kwa miaka sita. Sasa nalitumia kwa kila mteja. Anayeanza kununua aende kwenye siku za maonyesho, mlango haulipiwi, avute droo za kale na za nakala siku hiyohiyo, bila nia ya kununua.

Kosa letu kubwa lilikuwa kuchoka. Saa nzima tulitumia kuikataa A, na B tuliipa dakika ishirini. Tuliinua jiwe la A, la B hatukuligeuza. Na hili ni langu mimi kuliko lake: nilipoona mwaloni, mawimbi ya randa na mahogani nzima, nilikuwa nimeshaamua, nikaacha kutafuta ubaya. Mguu wa nyuma ningeuona kama ningepiga magoti. Kitu unachokikataa hukuchunguzisha kwa bidii. Unachokipenda ndicho kinachohitaji bidii hiyo zaidi.

Pili, hatukuomba ripoti ya hali kwa maandishi. Nyumba nyingi za mnada huitoa ukiomba kabla ya siku. Swali la mstari mmoja, "je, marumaru na miguu ni ya asili?", lingewalazimu kujibu, na jibu lingekuwa ushahidi. Pengine B ingeishia kwenye 1,800.

Kikomo cha bei kilifanya kazi yake. Fedha tulizozitenga za ukarabati zililipa mguu na bungua, na pengo tuliloliacha kwa ajili ya tusiyoyaona likabaki kama akiba. Ningekuwa peke yangu ningepanda hadi 2,800.

Madai dhidi ya nyumba ya mnada yana miaka 5 tangu siku ya mnada. Risiti, ukurasa wa orodha, barua zote mbili na picha za jiwe na mguu ziko kwenye bahasha moja, katika droo ya juu ya komodi yenyewe, upande wa kushoto. Droo ya kati imewekwa khanga. Kila moja ina alama ndogo ya chaki kwa nyuma, ili isikosewe nafasi.